Dola Tano kwa Mji Mzima

Mwaka wa 1959, katika mji mdogo wa Heber Springs, jimbo la Arkansas huko Marekani, mzee mmoja mpiga picha alifariki peke yake ndani ya studio yake. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha kamera na maelfu ya vioo. Kabla mkanda wa filamu haujaenea, picha ilipigwa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa, na huyu mzee alibaki na vioo vyake hata wenzake walipohama. Kila kioo kilikuwa na sura ya mtu wa mji ule au wa mashamba ya karibu. Vitu vyake vilipouzwa, aliyevichukua ni bwana mmoja mhandisi mstaafu wa jeshi, ambaye pia aliwahi kuwa meya wa mji. Alilipa dola 5 kwa vyote.

Mzee mwenyewe ni hadithi ndefu. Alizaliwa mwaka wa 1884 jimbo la Indiana, akaitwa Mike Meyer, katika familia yenye asili ya Ujerumani. Wakahamia Arkansas akiwa bado mtoto, na mnamo 1914 akafika Heber Springs pamoja na mama yake, akaingia kazi ya picha. Mwaka wa 1926 kimbunga kikapiga mji na kuibomoa nyumba waliyokuwa wanaishi. Ndipo akajenga studio yake mwenyewe kwenye barabara kuu, yenye dirisha kubwa la kioo linalotazama kaskazini, maana mwanga wa kaskazini umetulia, hauchomi uso. Halafu mwaka wa 1939 akafanya jambo ambalo watu wa pale hawakulisahau: alibadilisha jina lake kisheria. Meyer, kwa Kijerumani, ni jina lenye harufu ya shamba. Yeye akajiita Disfarmer, yaani mtu asiye mkulima. Hapo ni katikati ya nchi ya wakulima, na wateja wake wote wanakuja na udongo kwenye viatu! Tena akawa anawaambia watu ati yeye si damu ya akina Meyer hata kidogo, ati akiwa mtoto mchanga kimbunga kilimnyakua kutoka kwa wazazi wake wa kweli kikamwangusha pale.

Kwa hivyo kila mtu alimwona kama mwenda wazimu wa mji, wa aina ile ambayo kila mji mdogo unayo. Lakini Jumamosi wakija mjini kununua chumvi na mafuta ya taa, walipitia kwake.

Mimi nilimfikia kupitia kazi. Kodi yangu ya nyumba inalipwa na wafu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo iliposhindikana, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu, ule unaochapishwa kwenye kijitabu cha ratiba ya mazishi. Wakenya wenzangu mnakijua hicho kijitabu. Karatasi inayong'aa, picha ya rangi jalada la mbele, mashairi ya wajukuu nyuma. Familia inanitumia picha kwa WhatsApp saa nne usiku na mtu wa kuchapisha anazitaka kabla ya saa moja asubuhi. Ndani yake huwa hakukosi picha moja au mbili za zamani, nyeusi na nyeupe, za studio: vijana watatu wamevaa suruali pana chini, mmoja ameshika redio. Nauliza, huyu wa katikati ni marehemu, sawa, na hawa wawili ni nani? Kimya. Mtu anaandika "niulize uncle". Uncle hajibu. Basi nami naandika chini yake: Marehemu akiwa na marafiki.

Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi sana. Siku moja ikiwa usiku nikaanza kutafuta kwenye mtandao picha za zamani za studio za miji midogo, nikitaka kujua tu kama watu wa kwingine nao hupotea hivi. Ndivyo nilivyokutana na Disfarmer, na nikalala saa tisa.

Ukitaka kujua mji unamheshimu nani, soma maandishi yaliyo chini ya picha. Hapa kwetu mameya walikwisha pamoja na mabaraza yao baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti zilipoingia, lakini wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo tunaukumbuka ule mtindo: joho zito la Kiingereza kwenye jua la saa sita, mkufu mkubwa kifuani, na chini ya picha jina kamili la meya, kisha "akiwa na wakazi". Sikatai kwamba wengine walistahili. Grace Onyango alipokuwa meya wa Kisumu mwaka wa 1965, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho, kule kuonekana tu akiwa amevaa ule mkufu kulikuwa ni habari, na miaka minne baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge Kenya. Picha kama hiyo lazima iwe na jina. Ninachouliza ni kuhusu lile neno lingine, "wakazi". Neno moja linabeba watu ishirini waliosimama nyuma.

Heber Springs mambo yaligeuka juu chini. Meya wa zamani katika hadithi hii ni mstari mmoja: alitoa dola 5, akaweka vioo. Wakazi ndio waliotundikwa kwenye kuta za New York.

Hebu nieleze jinsi Disfarmer alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Picha tatu zilikuwa senti 50. Ulikuwa unaingia, unasimama mbele ya pazia tupu, jeusi au jeupe, na kwenye picha nyingi mistari myeusi inaonekana wazi ukutani nyuma ya watu, hakujali kuificha. Hakuna maua ya plastiki. Hakuna ngazi ya kuchora wala bahari ya kuchora. Wateja wake waliokuja kuhojiwa miaka mingi baadaye walikumbuka kwamba hakuwaambia watabasamu. Hakuzungumza sana. Aliingia chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera, akakaa huko, na wewe umesimama tu hujui mikono uiweke wapi. Kisha mlio, na kazi imekwisha.

Ukiziangalia leo, ile mikono ndiyo inayokushika. Ni mikono mikubwa kuliko mwili, ya watu waliolima tangu asubuhi ya maisha yao, na sasa haina jembe, haina kamba ya ng'ombe, imening'inia kando ya ovaroli kama vitu vya mtu mwingine. Ndugu wawili wamesimama mabega yakigusana lakini hawashikani. Askari amevaa sare mpya, mkewe pembeni, hakuna anayecheka. Sehemu kubwa ya vioo vilivyopona ni vya kati ya 1939 na 1946, kwa hivyo vita vimo ndani hata pale ambapo hakuna sare. Unaangalia kijana wa miaka kumi na tisa na unajua ni kwa nini mama yake alitoa senti 50.

Kusema kweli kuna kitu kingine kilichonishtua, na nadhani msomaji wa Kenya atanielewa haraka kuliko wa Arkansas. Hawa watu, karibu wote, ni Wazungu. Na ni maskini. Nguo zimeviraka, kuna watoto wasio na viatu. Katika picha za zamani za nchi hii, Mzungu huwa yuko kwenye veranda, au amekalia farasi, au ameweka mguu juu ya simba aliyekufa, na sisi ndio tumesimama pembeni bila jina. Nilikuwa najua kwa kichwa kwamba kuna Wazungu maskini, nilisoma. Kuwaona wakiwa wamesimama hivyo, wakisubiri mtu chini ya kitambaa aamue, ni jambo tofauti. Walisimama kama nyanya yangu anavyosimama kwenye picha zake.

Sitaki kuifanya iwe hadithi ya undugu wa maskini wa dunia. Arkansas ilikuwa nchi ya pamba na ya ubaguzi wa rangi wa kisheria, na weupe wa kuta za Disfarmer una sababu zake. Hata lugha yetu inaijua pamba ya Marekani: ile nguo nyeupe ngumu tuliyoiita amerikani ilifika Zanzibar karne ya kumi na tisa kwa meli za wafanyabiashara wa Salem, imefumwa kwenye viwanda vya kaskazini kutokana na pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Hao hawakuwa na senti 50 za studio.

Lakini turudi kwa senti 50, kwa maana kwangu ndizo zinazobeba kila kitu.

Miaka hiyo hiyo serikali ya Marekani ilikuwa na mradi mkubwa wa kupiga picha maskini wa mashambani. Uliongozwa na Roy Stryker kuanzia 1935, na baadhi ya wapiga picha wake wakawa majina makubwa kabisa: Walker Evans, Dorothea Lange, Ben Shahn, ambaye alipita Arkansas mwaka huo huo wa 1935 akiwapiga picha wachuma pamba. Nia ilikuwa nzuri. Walitaka watu wa mjini waone njaa ya shambani ili bunge litoe pesa. Picha maarufu kuliko zote ni ile ya Lange ya 1936, mama ameshika shavu, watoto wawili wamegeuza nyuso zao. Dunia nzima ilimjua kama mama mhamiaji. Jina lake, Florence Owens Thompson, halikujulikana hadharani hadi 1978, alipojitokeza mwenyewe akiwa mzee na kulalamika kwamba hakupata hata senti moja kutokana na uso wake. Miaka 42! Na Stryker, akiwa ofisini kwake Washington, picha asiyoipenda alikuwa anaitoboa negativu yake kwa mashine ya kutobolea karatasi. Zipo mpaka leo: mkulima amesimama shambani, na mahali pa uso pana duara jeusi.

Mkulima wa Heber Springs alilipa mwenyewe. Hakuja kuonyesha njaa yake kwa mtu. Alichana nywele, akamshika mtoto mkono, akasema tupige, na picha ikaenda kwenye albamu ya nyumbani, nyingine kwa dada aliyeolewa mbali, nyingine mfukoni mwa askari. Disfarmer hakuwa na huruma nao wala hakuwadharau, na nadhani ndiyo maana picha zake zina heshima ambayo zile za serikali, kwa uzuri wake wote, hazina. Ukipigwa picha na mtu anayekuhurumia, huruma yake inaonekana usoni mwako. Hapa Kenya, wakati huo huo, serikali ya kikoloni haikuhitaji hata uso. Kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka kumi na sita alilazimishwa kubeba kuanzia karibu 1920, kilitosheka na alama za vidole, kikawekwa kwenye kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kutoka hapo hadi babu zetu kuingia studio kwa hiari yao na pesa zao, wakachagua koti na saa ya kuazima, ni safari ndefu. Mtu akikucheka kwamba saa ile haikuwa yake, mwambie ilikuwa yake siku hiyo.

Basi vioo vikakaa kwa yule meya wa zamani. Tarehe 3 Oktoba 1963 Rais Kennedy alikuja karibu na Heber Springs kuzindua bwawa la Greers Ferry, wiki chache tu kabla ya kuuawa. Fikiria kamera zilizokuja siku hiyo kumpiga picha mtu mkubwa. Na sura za mji wenyewe zimelala kwenye vumbi.

Mwaka wa 1973 ndipo mambo yakabadilika. Gazeti dogo la pale, Arkansas Sun, liliomba wasomaji walete picha zao za zamani. Mhariri wake, Peter Miller, akaambiwa kuhusu vioo. Vingine vilikuwa vimeharibika, dawa inabanduka, na alitumia muda mrefu kuvisafisha kimoja kimoja. Takriban 3,000 viliokolewa. Akatuma baadhi ya picha New York kwa Julia Scully, mhariri wa jarida la Modern Photography, naye akaona mara moja alichokuwa anakiangalia. Kitabu kikatoka mwaka wa 1976. Disfarmer, aliyekuwa kichekesho cha mji, akaanza kutajwa pamoja na wapiga picha wakubwa wa karne. Mwaka wa 2009 mpiga gitaa Bill Frisell alitoa albamu nzima yenye jina lake.

Hadi hapo ni hadithi tamu ya kuokolewa. Kuanzia hapa inanikereketa kidogo.

Picha zilizochapishwa upya kutoka kwenye vioo ni kitu kimoja. Wanunuzi wa sanaa wanataka kitu kingine: karatasi yenyewe aliyoichapisha Disfarmer kwa mkono wake, ile iliyokaa kwenye albamu. Na hizo zilikuwa wapi? Nyumbani kwa watu. Mnamo 2004 familia moja iliuza picha zake kwa mkusanyaji, na punde wakusanyaji wakaajiri watu wa pale pale Heber Springs, majirani, wapite mlango kwa mlango wakiuliza: una picha za Disfarmer? Watu wakashuka darini na masanduku. Maelfu ya picha yalinunuliwa kwa njia hiyo. Mwaka uliofuata kulikuwa na maonyesho mawili makubwa New York kwa wakati mmoja, na picha ambayo nyanya ya mtu alilipia senti chache ilikuwa inauzwa maelfu ya dola.

Sisemi waliibiwa. Walilipwa, na wengine labda walifurahi. Pesa ya hospitali ni pesa. Na bila wale wakusanyaji nyingi zingeishia jalalani pamoja na kochi kuukuu. Lakini tazama kilichotokea kwa ile picha. Nyumbani ilikuwa ya shangazi fulani, aliyekuwa mkali na mpenda mbwa. Ikifika New York inakuwa ni Disfarmer. Unasikia mtu akisema "nimenunua Disfarmer mbili". Mara nyingine jina la aliyesimama linabaki kwenye lebo kwa sababu liliandikwa nyuma kwa kalamu. Mara nyingine inaandikwa tu: mwanamume na mvulana. Tumerudi kwa "wakazi", isipokuwa sasa aliye na jina ni mpiga picha badala ya meya.

Miaka ya karibuni watu wa ukoo wa Disfarmer, ule ukoo aliosema si wake, nao wamejitokeza kudai hakimiliki ya kazi zake. Wana hoja: meya alinunua vioo, je, alinunua pia haki ya picha? Kwa kawaida kumiliki negativu na kumiliki haki ni vitu viwili. Mawakili wamekula hapo. Ila katika mzozo wote huo, wenye sura hawana kiti mezani. Ni benki, meya, mhariri, makavazi, wakusanyaji na ukoo.

Nilikwenda kuangalia sheria yetu inasemaje, na ikanishangaza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, haki inahesabiwa kuwa imehamia kwake yule aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake, nikiisoma mimi nisiye wakili, ni kwamba ukiingia studio leo ukalipia picha yako, picha ni yako kweli kweli. Mama wa Heber Springs na senti zake 50 angependa kuisikia hiyo. Sidhani kama kuna mtu kijijini kwetu anayeijua.

Nilimwuliza nyanya yangu, huko Murang'a. Picha zake anaziweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, na huwa hazitoki ila mtu akifa. Nikamwambia, cucu, akija mtu kutoka Marekani akupe shilingi elfu hamsini kwa hii moja, utampa? Ilikuwa picha ya wasichana wawili wamevaa nguo zinazofanana, kitambaa kimoja kimekatwa mara mbili, viatu vyeupe. Mmoja ni yeye.

"Atairudisha lini?" akaniuliza.

Nikamwambia hairudishi, ameinunua. Akanicheka. Aliponyamaza akaanza kunieleza yule wa pili ni nani, walikuwa wanachuma kahawa pamoja, nguo walishonewa na fundi mmoja pale sokoni, walilipa nusu nusu, na picha ilitoka mbili ili kila mmoja awe na yake. Yule mwenzake aliolewa Nyandarua na hawajaonana tena. Niliandika jina lake nyuma, kwa penseli, taratibu, ili wino usije ukatokea mbele. Sitaliweka hapa; ni lake.

Watu wa bara wenzangu waliokwenda Pwani miaka ya tisini watazikumbuka zile studio za mbao pale kivukoni Likoni. Zile zilikuwa kinyume kabisa cha Disfarmer: mapazia ya rangi, majumba, ndege, maua mpaka juu, kila kitu ambacho mteja hakuwa nacho. Kijana amekuja kutafuta kazi Mombasa, amelala chumba kimoja na wenzake watano, lakini picha anayotuma nyumbani ameegemea kasri. Wapiga picha wenyewe wengi walikuwa watu wa bara. Agosti 1997 vurugu za Likoni zilipolipuka na watu wa bara wakafukuzwa, studio zile ziliharibiwa, wenyewe wakakimbia. Picha zilizopona ni zile ambazo tayari zilikuwa zimetumwa kijijini, kwenye mikebe. Kwa hiyo ukitaka kuiona Likoni ya wakati ule, nenda ukaitafute Kakamega au Machakos, chini ya vitanda.

Ndiyo maana sasa familia ikinitumia picha ya zamani naomba pia upande wa nyuma. Wananishangaa, lakini wanatuma. Nyuma ndiko kuna mambo: tarehe, "kwa mpenzi wangu wa dhati", bei ya saruji iliyopigwa hesabu, na mara nyingi muhuri wa studio ukiwa na nambari ya negativu, ukisema ukitaka nakala nyingine taja nambari hii.

Mwezi jana nilipata moja ya mji ambao mimi hupita nikienda nyumbani. Marehemu alikuwa fundi wa baiskeli. Kwenye picha yuko na wanaume wanne, wote wamevaa tai, na familia haikumjua hata mmoja wao. Muhuri ulikuwa unasomeka vizuri, na nambari pia. Nikashuka matatu. Mahali palipokuwa studio ni duka la kuuza na kutengeneza simu. Kijana wa pale alikuwa mpole, akaacha kazi yake akanisikiliza. Alisema walipochukua chumba, kama miaka minane iliyopita, walikuta chumba cha nyuma kina maboksi hadi juu ya dari, ya negativu na bahasha zenye nambari. Mwenye nyumba alitangaza kwamba anayeyataka aje ayachukue bure. Wakangoja wiki mbili, kisha wakaita mkokoteni.